Maswali yanayoulizwa sana: oksijeni ya kichanga kwa wanaozalia sehemu za juu (Njombe, Mbeya, Makete, Nairobi, Eldoret n.k.)

Maswali haya tunaulizwa wodini na kwa simu, na wanaouliza sana ni akina mama waliotoka Dar au Tanga wakaja kujifungulia huku kwa wakwe, au ndugu zao walioko Pwani wametumiwa picha ya mashine ya kupima oksijeni ya damu (oksimita, inasoma kwa asilimia) wakashtuka. Nimeyaandika yanavyoulizwa. Yanahusu mtoto mzima aliyetimiza miezi yake, watoto njiti wana mambo yao na nitawagusa pale inapobidi tu.

Mwanangu kazaliwa Njombe juzi, analia vizuri ananyonya vizuri, mashine inasoma 93. Wa dada yangu Dar ilisoma 98. Wangu ana shida?

Kwa hayo uliyosema, hapana. Dar wako baharini kabisa, wewe uko kama mita 2,000 juu, hizo namba mbili huwezi kuzilinganisha. Mji wa Denver kule Marekani uko mita 1,600 hivi na walipima vichanga wazima wa siku ya kwanza na ya pili, wastani ukawa 92 hadi 93. Na hao ni watoto wazima kabisa, wamerudi nyumbani na mama zao. Denver iko chini kuliko Njombe, kwa hiyo 93 yako wala sio ya kukukosesha usingizi.

Ila ona nilichoangalia kwanza: analia, ananyonya. Ungeniambia 93 halafu hataki titi na anapumua haraka haraka ningekujibu kitu kingine kabisa, hata ungekuwa juu ya uwanda wa Kitulo.

Kwani huku juu hewa ina oksijeni kidogo?

Asilimia ni ileile, 21 kasoro kidogo, iwe Kigamboni iwe kileleni Kilimanjaro. Kinachopungua ni presha ya hewa yenyewe, yaani hewa imekaa kwa kuachana, kwa hiyo mtoto akivuta pumzi moja anapata chembe chache za oksijeni kuliko angevuta Pwani. Mita 2,000 presha ni kama asilimia 78 ya ile ya baharini, mita 3,000 inabaki kama asilimia 70.

Sasa mtu mwenye akili anauliza, kama oksijeni imepungua karibu robo mbona mashine inashuka pointi 4 au 5 tu? Ni kwa sababu ya damu yenyewe. Himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, ni kama daladala yenye siti nne: kituoni hata abiria wakipungua kiasi siti zinajaa tu, wanaopungua ni wale waliosubiri nje. Gari linaanza kutembea na siti wazi pale abiria wanapopungua kweli kweli. Mashine inahesabu siti zilizojaa, haihesabu waliobaki kituoni. Ndo maana kutoka Dar kwenda Dodoma huoni tofauti ya maana, Njombe unaanza kuiona, na ukipita mita 3,000 namba inaporomoka haraka.

Nipe namba basi, mahali nilipo ya kawaida ni ngapi?

Nitakupa ila usiikariri kama bei ya sukari. Pwani (Dar, Tanga, Mombasa, Unguja) kichanga mzima akishamaliza siku ya kwanza tunategemea 95 kwenda juu, wengi 97, 98. Dodoma, Mwanza, Kampala, mita 1,100 au 1,200 hivi, karibu sawa na Pwani. Arusha, Kigali, Bukavu, Goma ziko kwenye 1,400 hadi 1,600, inaanza kupungua kidogo lakini bila kipimo huwezi kuhisi chochote. Mbeya na Nairobi ziko kwenye 1,700 na kitu, Njombe na Eldoret kwenye 2,000 na 2,100, huku 92, 93, 94, 95 kwa mtoto mzima ni vitu vya kila siku na wengine wanasoma 97 pia, watoto hawafanani.

Ukienda juu zaidi, Nyahururu, Kinangop, vijiji vya juu vya Makete, Addis Ababa, hapo uko 2,300 kwenda 2,500 na zaidi. Kule milima ya Colorado, Marekani, kwenye mita 2,800 watoto wadogo wazima walikuwa na wastani wa kama 92.

Zaidi ya hapo kwetu hakuna miji, lakini ni vizuri ujue ili usiogope 92 yako: Leadville, Colorado, mita 3,100, watoto wazima miezi 4 ya kwanza wastani wao ulikuwa unacheza kati ya 81 na 91 kutegemea umri na kama mtoto kalala au yuko macho. El Alto kule Bolivia, mita 4,000 na zaidi, watoto wazima chini ya miaka mitano wastani ni 87.

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto apewe oksijeni ikishuka chini ya 90, na kwa wanaoishi mita 2,500 na zaidi mstari unashushwa hadi 87. Huo ni mstari wa kuanza matibabu, sio mstari wa "mzima". Mtoto wa Mombasa mwenye 91 hajafika huko lakini mimi siwezi kumwambia mama yake aende nyumbani, lazima tujue kwa nini.

Alipozaliwa tu alikuwa wa bluu, mama mkwe anasema ni hewa ya huku milimani. Kweli?

Mama mkwe kakosea kidogo, watoto wote wanazaliwa hivyo, hata wa Zanzibar. Tumboni mtoto anaishi na oksijeni ya kama asilimia 60 kwenye damu na yuko fiti kabisa. Akitoka, dakika ya kwanza tunategemea 60 hadi 65, dakika ya tano 80 hadi 85, dakika ya kumi ndo 85 hadi 95. Hizo ni hesabu za sehemu za chini. Huku juu safari ni ileile ila inakwenda taratibu zaidi, na mkunga mwenye uzoefu hakimbilii mtungi wa oksijeni dakika ya tatu kama mtoto analia na mapigo ya moyo ni zaidi ya 100.

Mbona mimi mama yake nimepimwa hapahapa nikasoma 96 na yeye 92? Si tunavuta hewa moja?

Swali zuri hili. Mapafu yako yalishafunguka zamani. Ya kwake mpaka juzi yalikuwa yamejaa maji, na damu ilikuwa inapita huko kidogo tu kwa sababu kazi yote ilifanywa na kondo la nyuma. Mishipa ya mapafu ilikuwa imejibana, na kulikuwa na njia mbili za mkato za damu, tundu ndani ya moyo na mshipa mmoja unaounganisha mshipa wa mapafu na ule mkubwa wa mwili. Mtoto akivuta pumzi za kwanza, oksijeni ndo inayoiambia mishipa ya mapafu ilegee na ule mshipa wa mkato ujifunge. Huku juu ujumbe huo unafika kwa sauti ya chini, kwa hiyo mishipa inalegea polepole, njia za mkato zinachelewa kufunga, na kwa siku kadhaa damu kidogo ambayo haijapita mapafuni inachanganyika na iliyopita. Mashine inasoma mchanganyiko. Na ndo sababu ule mshipa kubaki wazi moja kwa moja kunaonekana zaidi kwa watoto wa sehemu za juu sana kuliko wa Pwani.

Kuna kitu kinamsaidia lakini: himoglobini yake ya utotoni, ambayo ni sehemu kubwa ya damu anayozaliwa nayo, inashika oksijeni kwa nguvu kuliko ya kwako. Inaisha taratibu mpaka kama miezi sita.

Akilala inashuka hadi 89 halafu inapanda yenyewe.

Vichanga hawapumui kwa mpangilio kama sisi. Wanapumua haraka haraka, wanasimama sekunde tano, nane, kumi, halafu wanaendelea, na sehemu za juu hiyo tabia inaonekana zaidi, kila akisimama namba inateleza kidogo. Ikishuka kwa muda mfupi na kurudi yenyewe, rangi yake haijabadilika, hakuna tatizo. Akisimama sekunde 20 au zaidi, au akisimama na midomo ikageuka rangi, au akilegea, mguse nyayo aamke na uondoke naye hapohapo kwenda hospitali, usisubiri kuona kama itajirudia.

Miguu na viganja ni vya bluu, midomo iko sawa.

Siku za kwanza hiyo ni kawaida, hasa baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Damu ya pembeni inakwenda polepole tu. Angalia ulimi. Kwa watoto wetu weusi ngozi inadanganya lakini ulimi na fizi hazidanganyi, vinatakiwa viwe vya pinki. Ulimi wa kijivu au wa bluu ni dharura popote ulipo, sisikii habari za mlima hapo.

Nyumbani tunapima inatoka 84, tukienda hospitali wanapata 95. Nani anadanganya?

Kimashine chako, mara nyingi sana. Hivi vya kubana kidole vinavyouzwa famasi vimetengenezwa kwa kidole cha mtu mzima, ukimbana mtoto kinacheza, mwanga unapita pembeni bila kupita kwenye nyama, kinakupa namba ya uongo kwa ujasiri wote. Cha kichanga ni kile cha kuzungushia kama bandeji kwenye mguu au kiganja.

Halafu baridi. Huku asubuhi mtoto anakuja kafungwa blanketi mbili na kofia, ila miguu imechomoka soksi njiani, ukiigusa ni barafu. Unafunga kipimo kwenye mguu, kioo kinaandika 83, mapigo 64, bibi anaanza kulia. Mapigo 64 kwa kichanga anayelia kwa nguvu hivyo? Haiwezekani, ya kwake ni 120, 140. Kwa hiyo tayari unajua mashine haijashika kitu. Unauweka mguu ndani ya kiganja chako, unaupa joto, mtoto anarudi kifuani kwa mama, baada ya dakika chache unafunga tena na kufunika kipimo kwa kitambaa ili mwanga wa dirishani usiingie: mapigo 138, oksijeni 94. Mtoto ni yuleyule, hakuna dawa aliyopewa.

Kwa hiyo kabla ya kuamini oksijeni soma mapigo kwanza. Na subiri namba itulie, usichukue ya kwanza. Lingine la kujua ni kwamba kwenye ngozi nyeusi mashine hizi zina tabia ya kusoma juu kidogo kuliko ukweli, hasa oksijeni ikiwa kweli iko chini, kwa hiyo namba iliyo mpakani usiipe msamaha mwingi.

Tunalala na jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya baridi, lakini mashine inasoma 97, si ni salama?

HAPANA. Hili naliandika kwa herufi kubwa makusudi. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inakaa kwenye zile siti za himoglobini na kuzing'ang'ania, na oksimita ya kawaida haijui kutofautisha, inaona siti imejaa inahesabu kuwa ni oksijeni. Mtoto anaweza kuwa anakufa huku kioo kinaandika 98. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata liwe na makaa yanayozimika. Joto la kichanga ni ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama au baba, kofia, soksi, blanketi juu yenu wote wawili, uso wake ukiwa wazi.

Wamempima mkono wa kulia halafu mguu, kwani wanatafuta nini?

Wanatafuta moyo wenye hitilafu ya kuzaliwa. Mkono wa kulia unapata damu kabla ya ile njia ya mkato, mguu unapata baada yake, kwa hiyo vikitofautiana sana kuna damu inapita pasipotakiwa. Kipimo kinafanywa kuanzia saa 24 hivi baada ya kuzaliwa, na kanuni iliyozoeleka ni 95 au zaidi na tofauti isizidi 3.

Tatizo hiyo 95 imetungwa na watu wa sehemu za chini. Ukiipeleka kama ilivyo kwenye mita 2,000 utawafelisha watoto kibao ambao mioyo yao haina neno, mama anaambiwa asafiri na kichanga wa siku mbili kwenda kutafuta kipimo cha moyo mji mwingine, nauli, baridi, hofu. Mimi naona kila hospitali ya sehemu za juu ingepima watoto wake wazima na kujua kawaida ya hapo, sio kazi ngumu. Lakini tofauti kubwa kati ya mkono na mguu, au chini ya 90 iliyorudiwa vizuri kwenye mguu wenye joto, hiyo haisubiri mjadala wa mwinuko, moyo uangaliwe.

Si wamwekee tu oksijeni ifike 98 tuwe na amani?

Amani ya nani? Mtoto mzima wa Njombe mwenye 93 hahitaji. Oksijeni ni dawa na ina dozi. Kwa njiti ikizidi inaharibu mishipa ya macho na mtoto anaweza kupofuka, ndo maana unaona wodi ya njiti wanashusha na kupandisha mtungi saa zote. Kwa mtoto wa kawaida hasara ni kumtenga na titi na mama yake kwa ajili ya kupendezesha kioo, na mtungi huohuo kuna mwenye nimonia kitanda cha pili anauhitaji.

Sasa nitajuaje kwamba hii sio mlima, ni ugonjwa?

Mlima haumfanyi mtoto akatae titi. Haumfanyi agune kila akitoa pumzi, wala kifua kubonyea ndani chini ya mbavu, wala pua kutanuka. Hesabu pumzi zake akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa, usihesabu nusu ukazidisha mbili kwa sababu nimesema hawapumui kwa mpangilio. 60 au zaidi, tulia uhesabu tena, ikirudi hivyohivyo nenda. Mwili wa moto, mwili wa baridi usiopata joto hata kifuani kwako, mtoto aliyelegea, degedege, ulimi wa bluu, nenda usiku huohuo.

Na namba inayoshuka siku hadi siku. Jumatatu 94, Jumatano 91, Ijumaa 88, mahali ni palepale, mwinuko haujaongezeka. Kitu kingine kimeongezeka.

Watoto wa watu waliozoea milima wako tofauti?

Sehemu za juu sana, ndiyo. Lhasa kule Tibet, mita 3,658, kuna utafiti ulichapishwa 1995 uliolinganisha watoto wa Kitibeti na Wachina wa Kihan ambao asili yao ni mabondeni, wote wamezaliwa mji huohuo. Siku za mwanzo walikaribiana, 94 na 92 wakiwa macho. Walipofika miezi minne Watibeti walikuwa 88 macho na 86 usingizini, Wahan 85 na 76. Vizazi vingi sana vya kukaa juu vimeingia kwenye damu. Kwa mita 2,000 zetu tofauti yenyewe ni ndogo, sijaona sababu ya kuuliza kabila la mtoto kabla ya kumpima.

Kuzaa huku juu kunapunguza uzito wa mtoto?

Kidogo, kama gramu 100 kwa kila mita 1,000. Lishe duni ya mama, malaria na upungufu wa damu vinapunguza zaidi.

Amezaliwa Dar, ana wiki tatu, tunahamia Makete. Tusubiri?

Kama ni mzima, ametimiza miezi yake na hajawahi kuwekewa oksijeni, huko 2,200 au 2,400 ataweza. Oksijeni itashuka pointi kadhaa, pumzi zitaongezeka kidogo siku za mwanzo. Mkipita Iringa au Mbeya laleni hapo usiku mmoja, kwa mtoto na kwa mama anayenyonyesha pia. Mtoto mwenye mafua mazito au nimonia asubiri apone. Njiti aliyetoka na oksijeni, au mwenye tatizo la moyo, muulizeni daktari wake kwanza, usiniulize mimi.

Na ndege?

Ndege kubwa zikiwa angani hewa ya ndani inawekwa sawa na ya mita 1,800 hadi 2,400. Yaani anayepanda Dar kwenda Muscat na kichanga anampitisha Njombe kwa saa tano. Mzima anavumilia, ila siku za kwanza kabisa, wakati zile njia za mkato hazijafunga, bora asipande, na mashirika mengi yana umri wao wa chini na barua wanayotaka, waulize kabla ya kukata tiketi.

Ninunue oksimita ya nyumbani?

Kwa mtoto mzima, mimi nasema usinunue. Hiyo hela nunua kipimajoto, kofia mbili na soksi zisizochomoka.